Karantini ya samaki wa bahari nyumbani Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafuga samaki wa bahari Kampala, mji ulio zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Mombasa, na maswali ninayopigiwa simu ni haya haya. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Kama una haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali lako. Jibu likitegemea jingine nimetaja namba yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Karantini ni nini hasa? Samaki anaonekana mzima, kwa nini nisimtie tangini leo leo?

Karantini ni tangi la pembeni, dogo na tupu, ambamo samaki mgeni anakaa wiki kadhaa kabla ya kuchangamana na wenyeji. Maji yake yasiguse maji ya wenzake. Wavu uliotumika huku usitumike kule, na mkono uliolowa unawe na ukauke kwanza.

Kuonekana mzima hakukuambii mengi. Kimelea cha madoa meupe hupenda kuanzia kwenye matamvua, ambako jicho lako halifiki, na samaki mwenye vimelea vitatu vinne anaweza kula na kuogelea kama kawaida. Baharini watoto wa vimelea hivyo hupotelea kwenye maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 300 wanarudi kwa samaki wale wale, tena kwa wingi. Mimi nilifundishwa na kangaja mmoja, yule mwenye mwili wa samawati, uso mweusi na pezi la mgongoni la njano. Nilimtia tangini Ijumaa kwa sababu alikuwa anakula mwani mkononi mwangu. Hadi Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimeshatoa samaki sita waliokufa, na yeye alikuwa wa mwisho.

2. Kuzoesha na karantini si kitu kimoja?

La. Kuzoesha ni kumhamisha samaki kutoka maji fulani kwenda maji mengine bila kumshtua: joto, chumvi, pH (kipimo cha uasidi wa maji). Ni kazi ya dakika, au saa. Karantini ni ya wiki. Utamzoesha mara mbili: siku ya kuwasili anapoingia karantini (maswali ya 11 hadi 14), na siku anapohamia tangi kubwa. Hiyo ya pili ni rahisi, kwa kuwa wiki ya mwisho unasogeza chumvi na joto la karantini hadi vilingane na la tangi kubwa, kisha unamhamisha tu, bila maji yake.

3. Akae muda gani?

Kwangu siku 30 ndizo za chini kabisa, na ninapendelea wiki sita. Wiki ya kwanza samaki bado ana uchovu wa safari na hujui kama kukosa hamu ya kula ni woga au ugonjwa. Wiki ya pili na ya tatu ndipo magonjwa mengi hujitokeza. Siku zilizobaki ni za kumnenepesha, maana samaki wengi hutufikia wakiwa na tumbo lililobonyea.

Ukiongeza samaki mwingine siku ya 25, unaanza kuhesabu upya kwa wote. Hakuna njia ya mkato hapo.

4. Nimefuga samaki wa dhahabu na ngege miaka mingi. Tofauti iko wapi?

Utaratibu wa macho na subira ni ule ule, na hapo umetutangulia wengi. Lakini madoa meupe ya maji baridi na ya baharini husababishwa na vimelea viwili tofauti, na ile tiba ya kuongeza joto na chumvi kidogo haifanyi kitu baharini. Ngege mdogo atavumilia amonia (sumu inayotoka kwa samaki wenyewe) ambayo samaki wa matumbawe ataifia kabla hujarudi kazini.

5. Muuzaji anasema samaki wake wameshapita karantini. Nimwamini?

Mwamini kama mtu, kisha endelea na karantini yako. Katika maduka mengi matangi yote hutumia maji yanayozunguka kwenye mfumo mmoja, kwa hiyo samaki aliyekaa pale mwezi mzima jana usiku aliogelea kwenye maji ya mgeni aliyeshuka juzi. Swali la maana la kumuuliza ni moja: chumvi ya maji yake ni ngapi? Utaona umuhimu wake kwenye swali la 13.

## Tangi na maji

6. Vifaa gani vinatosha?

Tangi la lita 60 hadi 80 linamfaa samaki mdogo. Kangaja, na yeyote anayezidi sentimita 10, apewe lita 100 au zaidi. Beseni kubwa la plastiki linafaa pia, mradi halijawahi kuonja sabuni. Ndani uweke hita, kipimajoto, chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Vile vya kona ambavyo fundi bomba hutupa ndivyo samaki wanavyovipenda zaidi. Hita si anasa: usiku wa Kampala unaweza kushuka hadi nyuzi 17, nawe unataka 25 au 26 mchana na usiku.

Usiweke mchanga wala mawe. Mawe ya chokaa hunyonya dawa ya shaba, halafu kipimo chako kinakuwa cha kubahatisha. Weka kifuniko kisicho na mwanya, maana samaki wa bahari wanaruka, na nimewahi kumkuta mmoja nyuma ya jokofu. Nunua ndoo, wavu na mrija wa karantini peke yake na uvizungushie selotepu nyekundu ili hata mtu wa nyumbani asikosee.

Vipimo viwili ni vya lazima: cha amonia, na refraktomita ya kupimia chumvi. Refraktomita iwe imesahihishwa kwa maji maalumu ya gramu 35 kwa kilo. Kuisahihisha kwa maji ya kawaida kunaweza kukupotosha.

7. Nitumie maji gani: ya bomba, ya mvua au ya ziwa?

Ya ziwa sahau, yana uhai mwingi usiouhitaji. Ya bomba yana klorini, ambayo inaunguza matamvua. Ama tumia dawa ya kuondoa klorini, ama yaache kwenye chombo wazi na jiwe la hewa likibubujika kwa saa 24. Kwa karantini hayo yanatosha. Kwa tangi kubwa lenye matumbawe ni habari nyingine, pale utataka mashine ya RO, ile inayochuja karibu kila kitu kwenye maji.

Ya mvua yanavutia msimu wa Machi hadi Mei, mabati yakivuja kila alasiri. Shida ni hayo hayo mabati: zinki yake, kutu, rangi, na kila alichoacha ndege marabou juu ya paa. Mimi huyaacha.

Jerikeni ya lita 20 ndiyo kipimo changu. Lakini iwe mpya, au iliyobeba maji tu tangu iliponunuliwa. Iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia haioshwi ikaisha harufu, hata ukisugua kwa mchanga.

8. Chumvi ya Katwe haiwezi kutumika? Na ile ya jikoni?

Naulizwa hili kila mwezi, na naelewa kwa nini: chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa akwariamu ni ghali, na Katwe iko hapa kwetu Kasese. Lakini chumvi si ladha tu. Ziwa Katwe ni ziwa la kreta, na maji yake yamejaa kaboneti na salfeti za sodiamu kwa uwiano usiofanana kabisa na wa bahari. Ya jikoni ni kloridi ya sodiamu pamoja na iodini kidogo. Haina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, wala kile kinachoshikilia pH pale kwenye 8.2. Samaki hatakufa palepale kwenye maji ya chumvi ya jikoni, ndiyo maana watu hudhani imefaulu.

Nunua chumvi ya akwariamu. Kwa jerikeni moja ya lita 20 utatumia takriban gramu 700 hadi 750 kufikia 1.025 (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matupu; ndiyo namba ninayotumia kwa chumvi kote humu). Tia chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi, na uache pampu ikoroge hadi kesho yake.

9. Kwa nini samaki wangu wa karantini wanakufa bila doa lolote?

Amonia. Nikipigiwa simu nikaambiwa samaki amekufa siku ya tatu au ya nne, anapumua haraka juu ya maji, mwili safi, siulizi tena kuhusu ugonjwa. Nauliza: sponji ilitoka wapi? Jibu karibu kila mara ni: dukani, jana.

Sponji mpya ni sponji tu. Kinachosafisha maji ni bakteria wanaokaa ndani yake, nao huchukua wiki kadhaa kujaa. Kwa hiyo tumbukiza sponji yako kwenye sampu (chombo cha kuchujia maji) ya tangi kubwa mwezi mmoja kabla ya kuagiza samaki. Siku anapofika unaihamisha ikiwa mbichi, bila kuisuuza kwa maji ya bomba. Kama huna tangi kubwa bado, anza na chupa ya bakteria na chembe za chakula, pima kila siku, na usinunue samaki hadi amonia ipande na kushuka hadi sifuri.

Mwezi mzima wa karantini nauona hivi: unafuga maji, samaki ni mgeni wake. Pima amonia kila asubuhi wiki mbili za kwanza. Ikionekana tu, badilisha nusu ya maji kwa maji yenye joto na chumvi ile ile. Dawa za kufunga amonia zinasaidia, lakini zisikutane kamwe na shaba. Sababu iko kwenye swali la 16.

10. Umeme ukienda usiku?

Hapa lazima tuseme jambo ambalo walio pwani hawalifikirii. Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Maji yanayoachwa wazi hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko maji hayo hayo Mombasa. Kabale, iliyo juu zaidi milimani, upungufu unakaribia asilimia 20. Juu ya hapo, maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Samaki wa matumbawe akiwa kwenye beseni letu anaanza siku akiwa tayari na deni.

Kwa hiyo pampu ya hewa isiwahi kuzima. Zipo pampu ndogo za USB zinazoendeshwa na pawabenki ile ile ya simu; kwa tangi la lita 60 hufanya kazi usiku kucha. Mwenye betri ya sola au inveta aunganishe pampu ya hewa kwanza, hita baadaye. Joto likishuka taratibu kwa nyuzi tatu samaki atavumilia. Pampu ikizimika kwa muda wa saa nne, huenda asivumilie. Funika tangi kwa blanketi pande tatu, acha juu wazi.

Huna chochote? Chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu, kila baada ya dakika chache. Nimefanya hivyo hadi alfajiri, na sipendekezi kwa mtu anayeingia kazini saa mbili.

## Siku ya kuwasili

11. Samaki ametoka Mombasa, amekaa kwenye mfuko zaidi ya siku. Nifanye nini akifika?

Kabla hajafika, tangi la karantini liwe tayari: joto 25 au 26, na chumvi sawa na ya mfuko. Ndiyo, unabadilisha tangi limfuate samaki. Kwa hiyo mpigie muuzaji simu umuulize chumvi yake, au andaa maji ya 1.020 na jerikeni ya maji ya chumvi nzito pembeni ya kurekebishia.

Mzigo ukishuka Entebbe ukatae kubebwa na boda, hata foleni iweje. Boksi la stairofomu likiruka kwenye matuta linawapiga samaki kuta za mfuko. Ukifika nyumbani zima taa za chumba. Fungua boksi, weka mfuko juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa, uache uelee dakika 15 hadi 20. Kisha ukate, pima chumvi ya mfuko mara moja. Ikiwa tofauti na tangi haizidi 0.002, mtoe samaki kwa kikombe cha plastiki au kwa mkono uliolowa, mwingize tangini. Maji ya mfuko yote yanamwagwa.

Usilishe siku hiyo. Taa zisiwashwe hadi kesho.

12. Lakini nimefundishwa kumdondoshea maji ya tangi kwa mrija kwa muda wa saa mbili. Mbona unasema vingine?

Kudondosha kunafaa kwa samaki uliyemchukua duka la mtaa wa pili, dakika 40 zilizopita. Kwa mfuko wa safari ndefu ni hatari.

Ndani ya mfuko uliofungwa samaki anapumua na kutoa kaboni dioksidi. Hiyo inashusha pH, mara nyingine hadi chini ya 7. Wakati huo huo anatoa amonia kupitia matamvua. Kwenye pH ya chini karibu amonia yote iko katika sura isiyomdhuru, hata kipimo kikionyesha rangi ya kutisha. Sasa wewe unafungua mfuko. Kaboni dioksidi inatoka, na matone yako ya maji ya 8.2 yanapandisha pH. Kutoka 6.8 hadi 8.2, sehemu ya amonia iliyo sumu inaongezeka zaidi ya mara 20. Saa mbili za kumzoesha kwa upole zinakuwa saa mbili za kumwunguza.

Nililiona kwa macho yangu. Kitatange mdogo, ndoo nyeupe jikoni, mrija una fundo, tone moja kila sekunde. Dakika kumi za kwanza alitulia. Ya ishirini alianza kupanda juu, mdomo ukigusa hewa. Nikadhani ni uchovu, nikapunguza matone ili niwe mpole zaidi. Ya arobaini matamvua yalikuwa mekundu kama nyama mbichi, na povu jembamba limezunguka ukingo wa ndoo. Hakuona jioni. Kosa lilikuwa langu, mtumaji alifunga vizuri.

13. Chumvi ya mfuko ni 1.018, yangu ni 1.025. Nitafanyaje?

Wafanyabiashara wengi huweka chumvi chini ili kupunguza gharama na vimelea. Samaki huvumilia kushushwa chumvi vizuri kuliko kupandishwa. Kushuka kutoka 1.025 hadi 1.020 kwa mara moja hakumdhuru samaki mzima. Kupanda ndiyo kazi: maji yanatolewa mwilini mwake haraka kuliko anavyoweza kunywa. Mwingize kwenye 1.018 kama nilivyoeleza (swali la 11), kisha pandisha kwa 0.001 hadi 0.002 kila siku. Njia nyepesi ni kujazia kwa maji ya chumvi badala ya maji matupu pale yanapopungua kwa mvuke.

14. Amelala chini ubavu tangu afike. Amekufa?

Tazama matamvua. Yakipiga, mwache. Baadhi ya jamii ya rasi (wrasse kwa Kiingereza) hulala ubavu au kujizika mchangani wakiogopa, na kwa hao ndio pekee ninaowawekea bakuli dogo la mchanga. Hakikisha hewa inabubujika vizuri, chumba kina giza, na hakuna anayegonga kioo. Watoto wa nyumbani wapewe kazi nyingine.

15. Siku ya tatu hajala. Nina wasiwasi.

Siku tatu si nyingi. Siku saba ni nyingi. Jaribu uduvi uliogandishwa na kuyeyushwa, mara mbili kwa siku, kidogo sana, na unyonye mabaki baada ya dakika 15, maana mabaki ndiyo amonia ya kesho. Kangaja mfungie kipande cha mwani wa nori kwenye bomba. Anayekataa kila kitu na kupungua mgongo huenda ana minyoo. Tazama swali la 18.

## Magonjwa na dawa

16. Nimeona madoa meupe. Nianze shaba?

Kwanza tazama vizuri, kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Madoa kama chembe za chumvi, yanayohesabika, yanayotoweka siku moja na kurudi baada ya siku chache, ni Cryptocaryon, madoa meupe ya kawaida. Unga mwembamba kama vumbi la dhahabu, samaki anapumua kasi, anakimbilia mkondo wa pampu, anakimbia mwanga: hiyo ni Amyloodinium, wengine huiita velveti, na huua kwa siku mbili tatu. Kimelea kimoja cha aina hiyo hugawanyika hadi vimelea 256 vinavyoogelea. Hapo usisubiri kesho.

Shaba hutibu yote mawili. Fuata karatasi ya dawa yako, maana shaba ya kawaida hufanya kazi karibu na miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ilhali zile zilizofungwa kikemia zinataka hadi zaidi ya 2, na kipimo cha moja hakisomi nyingine sawasawa. Pandisha kwa siku mbili au zaidi, kisha kishike kiwango hicho siku 30 bila kushuka hata mara moja. Kila ukibadilisha maji, maji mapya yawe na shaba ile ile. Pima kila siku mwanzoni.

Na usichanganye na dawa za kufunga klorini au amonia. Zinaibadilisha shaba kuwa sura kali zaidi, na samaki anakufa kwa kipimo ulichodhani ni salama. Klorini iondoe kwa hewa kama ilivyo kwenye swali la 7.

Sera yangu: kangaja wote hupewa shaba hata wakiwa safi, kwa sababu wao ndio mlango wa madoa meupe. Wengine nawatazama kwanza.

17. Duka la pembejeo linauza mrututu. Si ni shaba hiyo hiyo?

Ni shaba, ndiyo, salfeti ya shaba. Lakini ule wa kunyunyizia mimea haukupimwa usafi kwa ajili ya samaki, na punje chache zikizidi kwenye lita 60 zimemaliza kila kitu. Bila mizani ya kupima miligramu na bila kipimo cha shaba, usiuguse.

18. Vidonge vya prazikwanteli vya kichocho vinafaa kwa minyoo ya samaki?

Dawa ni ile ile. Kipimo cha minyoo bapa ya ngozi na matamvua ni miligramu 2.5 kwa lita, mara mbili, kwa nafasi ya siku tano hadi saba, ili kuwakamata walioanguliwa baada ya dozi ya kwanza. Kidonge cha miligramu 600 ni cha lita 240, hivyo tangi la lita 60 linahitaji robo. Tatizo ni kwamba kidonge kina viungo vingine, hakiyeyuki vizuri, na maji huchafuka na kuvuta oksijeni. Unga wa dawa ya samaki ni bora. Ukilazimika, saga robo laini, koroga, ongeza mawe ya hewa. Na ununue chako famasi: vile vinavyogawiwa bure vijiji vya ziwani ni vya watu.

Kujua kama ni minyoo, mwogeshe samaki maji yasiyo na chumvi dakika tano, yenye joto na pH sawa na ya tangi. Minyoo hugeuka vipande vyeupe kama ufuta na kuangukia chini ya ndoo.

19. Samaki wangu wa aina ya klauni anatoa ute mweupe kama mate.

Yaelekea ni kimelea kiitwacho Brooklynella, na huua kwa siku chache. Shaba haisaidii. Inahitaji kuogeshwa kwenye formalini dakika 45 hadi 60 kwa kipimo cha karatasi, hewa ikibubujika kwa nguvu, kisha aingie tangi safi jingine. Formalini ni sumu kwako pia: vaa glavu, fungua madirisha, watoto watoke.

20. Naweza kukwepa dawa kabisa?

Kwa madoa meupe ya kawaida, ndiyo. Unahitaji matangi mawili. Samaki anahamishwa siku ya 1, 4, 7, 10 na 13, kila mara kabla ya saa 72 kutimia, na tangi alilotoka linaoshwa na kukaushwa kabisa. Kimelea humwacha samaki na kujifunga chini kabla ya kuzaa, nawe unaondoka naye kabla hakijafunguka. Kazi ni ya chumvi nyingi, lakini inafurahisha. Haitibu velveti.

Njia nyingine ni kushusha chumvi hadi 1.009 kwa siku 30. Refraktomita isiyosahihishwa inaharibu zoezi zima, kwa kuwa 1.011 haitoshi.

## Hali za kipekee

21. Kamba, konokono na matumbawe nao?

Wao hawaugui madoa meupe, lakini mawe na magamba yao hubeba vimelea vilivyojifunga. Wapewe tangi lao lisilo na samaki. Shaba huwaua, hata mabaki yake. Tangi lililowahi kutiwa shaba lisiwe lao.

22. Ugonjwa umeshaingia tangi kubwa. Nitibu humo humo?

Usitie shaba mle. Watoe samaki wote, kila mmoja, watibiwe karantini, na tangi kubwa likae bila samaki siku 76. Idadi hiyo inatokana na kimelea kilichowahi kuchukua siku 72 kufunguka, ingawa wengi hufunguka ndani ya wiki nne. Mwache samaki mmoja tu umwonee huruma, hesabu yote imeharibika.

23. Samaki gani hawapendi shaba?

Wasio na magamba ya kawaida, kama mandarini na bunju, na baadhi ya rasi wadogo. Kwa hao tumia swali la 20, au pandisha shaba polepole zaidi ukiwatazama.

24. Kibali kinahitajika kuagiza kutoka Kenya?

Ndiyo. Kibali cha kuingiza samaki hai hutoka Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, makao yake Entebbe, na kiwe mkononi kabla mzigo haujaondoka, pamoja na cheti cha afya cha kule unakotoka. Farasi wa baharini na matumbawe magumu wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo wana karatasi zao za ziada. Boksi likizuiwa mpakani Malaba kwa karatasi moja, saa zinazopotea zinahesabiwa ndani ya mfuko.

25. Maji yenye dawa nimwage wapi?

Si mtaroni. Yapitishe kwanza kwenye mkaa amilifu, jiwe la hewa likibubujika, siku kadhaa, hadi kipimo cha shaba kisome sifuri, ndipo uyamwage chooni. Usiyamwage kwenye migomba pia; chumvi itaikausha. Mtaro wa mtaa wako, kama uko bonde la Nakivubo, unaishia Ghuba ya Murchison, na ni huko huko mitambo ya Ggaba inakochota maji, inayasafisha, na kuyarudisha kwenye bomba lile unalojazia jerikeni ya karantini.